Bi Mkato, Mbunifu wa Njia za Vidole

Saa mbili na nusu asubuhi, Bi Mkato ameshaketi mezani pake, viatu amevivua, macho yameganda kwenye skrini. Anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anasubiri, anatikisa kichwa. Anabonyeza tena, safari hii kwa kidole cha pete badala ya cha shahada. Anatikisa kichwa tena, halafu anacheka peke yake.

"Kidole cha pete ni kivivu," anasema bila kugeuka. "Ukikipa kazi nzito kinamsumbua jirani yake."

Chumba chenyewe kiko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kina meza sita, feni inayozunguka kwa kusuasua na birika la umeme ambalo halipati nafasi ya kupoa. Hapa ndipo kinapotengenezwa kivinjari, ile programu ambayo mtu huifungua kwenye kompyuta ili aingie mtandaoni. Wenzake wanahangaika na usalama, kasi na rangi. Yeye anahangaika na vidole vya watu.

Kazi yake ni kubuni njia za mkato: mtu abonyeze vitufe viwili au vitatu na jambo litendeke, bila kushika kipanya wala kukodoa macho kutafuta alama ndogo pembeni mwa skrini. Ndiyo maana ofisini wakambandika jina la Bi Mkato, nalo likamganda. Siku hizi hata mumewe, fundi wa majokofu, humwita hivyo akitaka jambo.

Nyumbani kwao ilikuwa kazi kumwelewesha mtu anachofanya. Mama yake mzazi aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko kwenye kazi ya vifungo. Habari ikaenda ikipinda. Jirani mmoja akamdhania askari magereza, akaja kwa adabu zote kuuliza kama mpwa wake aliyeko ndani anaweza kupatiwa blanketi la pili. Mwingine akaleta koti la mumewe lililonyofoka vifungo.

"Koti nililishona," anasema Bi Mkato. "La blanketi lilinishinda."

Hakuanzia kwenye kompyuta za kisasa. Alisomea upigaji chapa, akaajiriwa kwa wakili mmoja aliyekuwa na tabia ya kubadili mawazo kila karani akifika mwisho wa ukurasa. Siku kipanya cha kompyuta yake kilipokufa, wakili alisema kingine kitakuja, na hakikuja. Bi Mkato akajifunza kuishi bila hicho kipanya: kufungua, kunakili, kuhifadhi na kufunga, yote kwa vitufe. Kilipokuja kununuliwa kipya, alikiweka droo ya chini.

Baadaye alipata kazi katika karakana hii ya juu ya duka la magodoro, ya kuandika miongozo ya watumiaji. Kila alipofika kwenye njia za mkato aliona zimepangwa ovyo, akalalamika. Mkuu wa karakana, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alimsikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara iliyofuata akamwambia kama anaona zimekaa vibaya, basi azipange yeye. Bi Mkato anasema hadi leo hajui kama ile ilikuwa ajira au adhabu, ila mshahara wake unalipa kodi na ada na kubakiza cha kuchekea.

Kati ya zote alizobuni, moja ndiyo iliyompa usingizi mzuri kuliko nyingine, kisha ikamwondolea usingizi huohuo. Ni njia ya kubadilisha injini za utafutaji.

Injini ya utafutaji, anaeleza, ni kama mtu unayemwuliza njia mjini. Mmoja anaujua mji mzima juujuu. Mwingine anajua mtaa mmoja tu, lakini anaujua mpaka uchochoro. Mtandaoni nako ndivyo kulivyo: kuna injini inayotafuta kila kitu, kuna ya kamusi peke yake, kuna ya picha peke yake. Watu wengi humwuliza mtu mmoja maisha yao yote. Lakini wapo ambao kazi yao inawataka wamwulize huyu, kisha yule, kisha yule mwingine, kutwa nzima. Na kila kubadilisha kulitaka ushike kipanya, ubofye alama, uteue jina, urudi ulikotoka.

Bi Mkato akalifupisha hilo. Ukiwa ndani ya kisanduku cha kutafutia, unashikilia kitufe cha Kontroli kilichoko chini kushoto, unagusa kishale cha juu au cha chini kilichoko kulia, injini inabadilika. Watumiaji waliandika kushukuru. Mkuu wa karakana alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo ofisini pale ni sawa na nishani.

"Nilivimba kichwa," anasema. "Nilirudi nyumbani nikamsimulia kila mtu, na wifi yangu akanisikiliza kuliko wote."

Huyo wifi, dada mkubwa wa mumewe, ni mfasiri. Amefasiri vitabu tangu ujanani, vya kilimo, vya afya, vya sheria za ardhi. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi polepole, mkono ukakataa. Mdogo wake akamchukua, akamwekea meza kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la uani, na hapo akaanza kujifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto.

Ni mwanamke mcheshi, na nyumba ile haikosi mzaha juu yake. Mpangaji mpya wa chumba cha uani alipobisha hodi kuuliza kama nyumba ina wifi, Bi Mkato alimjibu kwa sauti ya chini, "Yupo, lakini amelala." Mpangaji akaomba radhi, akarudi chumbani kwake, akakaa siku mbili bila mtandao kwa kuogopa kumwamsha.

Mzaha huo haukuficha kwamba wifi alikuwa kwenye hali ngumu. Wachapishaji waliomzoea walikuwa wameanza kumpa pole badala ya kazi. Mwishowe mmoja alimpa kitabu cha mwongozo wa wakunga, lakini kwa masharti: kwanza alete sura ya kwanza, waone kama bado anaweza. Hakuna aliyelisema neno hilo "bado" kwa ubaya, lakini wifi alilisikia. Alimwambia mdogo wake kwamba sura hiyo ikirudishwa, ataifunga kompyuta na kuwa mzee wa kuangalia dirisha.

Jumamosi moja Bi Mkato alikuwa uani akichambua mchele. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Akamwona wifi yake amejikunja juu ya kompyuta, ameshika mwiko kwa meno. Kwa mpini wa mwiko alikuwa amekandamiza kitufe cha Kontroli, na kwa mkono wa kushoto alikuwa ameuvuka ubao mzima wa vitufe akigusa kishale. Kompyuta yake ni ndogo, ina Kontroli moja tu, ile ya kushoto. Akifika kwenye neno la kitaalamu alihitaji kamusi. Akikuta chombo cha hospitali asichokijua alihitaji picha, akione kwanza kabla ya kukipa jina. Kila mara mwiko ulirudi mdomoni.

Bi Mkato aliweka ungo chini, akaingia ndani, akamwuliza kwa nini hakumwambia.

Wifi alitoa mwiko mdomoni, akaufuta kwa upole. "Njia yako ni nzuri, wifi," alisema. "Ila imejengwa kwa watu wa mikono miwili."

Bi Mkato anasema maneno yale hayakuwa lawama, na ndiyo maana yalimchoma. Mwanamke yule alikuwa ametumia njia ya mkato yenye kumtesa, wiki baada ya wiki, ili tu asimvunje moyo aliyeibuni.

Jumatatu alifika ofisini na mtandio. Akaufunga mkono wake wa kulia kwenye kiti, akaanza kazi. Waliompita walimwuliza ameumia nini. Fundi wa programu anayekaa meza ya jirani, ambaye Bi Mkato humwita Kobe kwa sababu huenda taratibu na hakosei, alimtazama hadi chai yake ikapoa, kisha akauliza kama anahitaji kufunguliwa wakati wa chakula cha mchana.

Kwa mkono mmoja dunia ya vitufe ilikuwa nyingine kabisa. Mambo aliyoyaona mepesi yakawa milima. Baada ya siku kadhaa alipata njia: Kontroli pamoja na herufi iliyo karibu nayo, vyote upande wa kushoto, kidole gumba na kingine kimoja. Kobe akaiandika kwenye toleo la majaribio, na Bi Mkato akaipeleka nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi.

Asubuhi ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Ya pili, kidole cha wifi kilichochoka kiliteleza kikaangukia herufi ya jirani. Na herufi hiyo ya jirani, ikishikwa pamoja na Kontroli, hufunga ukurasa. Ukurasa ukafungwa, na istilahi alizokuwa amezikusanya humo tangu alfajiri zikaenda nao.

Hakupiga kelele. Alijikokota hadi barazani, akaketi hapo kutwa nzima. Chakula cha jioni kililiwa vijiko tu vikisikika. Mume alijaribu kutania kwamba yeye hutengeneza majokofu ya watu na wao wamempelekea baridi nyumbani kwake. Hakucheka mtu.

Bi Mkato alilala akijua ni yeye aliyeweka kitufe cha kubadilisha karibu na kitufe cha kuangamiza. Mtu wa mikono miwili hateletezi kidole mara kwa mara. Mtu aliyechoka, mwenye mkono mmoja unaofanya kazi ya miwili, huteleza.

Asubuhi wifi ndiye aliyemtafuta, akamkuta jikoni akichemsha maji.

"Usinitafutie kitufe cha karibu," alimwambia. "Nitafutie kitufe ambacho hata nikikikosea, hakina hasira."

Bi Mkato aliacha maji yachemke hadi yakapungua. Katika maisha yake yote ya kupiga chapa alikuwa amevipima vitufe kwa umbali na kwa kasi. Hakuwahi kuvipima kwa hasira. Alipovipitia sasa kimoja kimoja, aliona vingi ni vikali: hiki kinafuta, hiki kinafunga, hiki kinatuma barua kabla hujaimaliza.

Aliomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, akahamia chumba cha nyuma na kigoda chake. Hakumwelekeza wifi kitu, alimtazama tu. Na siku ya pili ya kutazama aliona jambo ambalo hata mwenyewe hakujua analifanya. Wifi anapofikiri namna ya kuuliza, kabla hajaandika neno lolote, kidole gumba chake hugonga kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini, tup, tup, kama mtu anayegonga meza akingoja chai. Kisha ndipo huandika. Zile nafasi hukaa mwanzoni mwa kisanduku na hazidhuru kitu. Injini huzipuuza.

"Hakuna mtu anayeanza swali kwa ukimya na kuutaka ujibiwe," anasema Bi Mkato. "Kitufe kile kilikuwa hakina kazi pale mwanzoni. Ni kikubwa, kila mkono unakifikia, na ukikikosea, umeongeza upenyo tu."

Njia ikazaliwa hapo. Kisanduku kikiwa kitupu, gonga nafasi mara mbili, injini inahama kwenda ya pili. Gonga tena, inahama kwenda ya tatu, na kuendelea hadi irudi ya kwanza. Ukianza kuandika, imebaki hapohapo ulipoifikisha. Ukimaliza kutafuta, kisanduku kinarudi kwenye injini yako ya kawaida bila kuombwa.

Wifi aliijaribu mara moja. Akaijaribu tena. Kisha akachukua mwiko uliokuwa kando ya kompyuta, akamkabidhi Bi Mkato aurudishe jikoni.

Ofisini haikupita kirahisi hivyo. Mkuu wa karakana aliuliza watu wangapi hasa wanahitaji jambo hili. Akauliza vipi kuhusu wanaogonga nafasi bila kukusudia. Hilo nalo lilikuwa swali la haki, na jibu lilikuja lenyewe. Walipowapa watu wachache wa kujitolea waijaribu, mmoja aliyetaka matokeo ya mpira aliletewa maana ya neno "mpira" kwenye kamusi, pamoja na wingi wake. Aliandika barua ndefu yenye maneno ambayo hayamo kwenye kamusi hiyo.

Bi Mkato alitaka kuificha barua. Kobe ndiye aliyemshauri aipeleke mezani kwa mkuu yeye mwenyewe, kabla haijafika kwa mguu wake. Akaisoma mbele ya wote, mpaka mwisho. Walicheka, mkuu naye akacheka, na walipomaliza kucheka wakakaa kuitafutia dawa. Jina la injini likakuzwa, likajaza kisanduku kwa herufi nene kila linapobadilika, na asiyeona vizuri akatamkiwa kwa sauti. Kisha wakakubaliana njia hiyo ilale mpaka mwenye kompyuta aiwashe mwenyewe. Bi Mkato alitaka iwe macho kwa wote. Alikubali nusu, anasema, kwa sababu nusu ya mkate haiulizwi ukoko.

Toleo likatoka. Sura ya kwanza ya kitabu cha wakunga nayo ikatoka, ikaenda kwa mchapishaji, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole kila simu ilipolia. Simu yenyewe ilipokuja, wifi alikuwa anaoga. Mhariri akamwachia Bi Mkato ujumbe: sura imepita, na wanauliza lini wapate iliyobaki. Bi Mkato alisimama nje ya mlango wa bafu akaurudia ujumbe huo kwa kelele hadi mpangaji wa uani akatoka kuuliza nani amefariki.

Kitabu kilishachapishwa. Nakala moja iko sebuleni, na ukurasa wake wa shukrani unamtaja "wifi yangu, aliyenipa nafasi." Sasa mfasiri yuko kwenye kitabu cha pili, cha utunzaji wa watoto njiti, na mchapishaji hakuomba sura ya majaribio. Mkono wa kulia umeanza kukunja vidole. Ukilizungumzia hilo mbele yake, atakwambia ukirudi wote ataupa kazi ya kushika kikombe, maana wa kushoto umeshaijua ofisi.

Kilichobaki kumsumbua Bi Mkato ni maelezo. Njia inayolala haiamki kama watu hawaijui, na ameandika sentensi ya kuieleza, akaifuta, akaiandika tena, na kila toleo linasomeka kama hati ya wakili wake wa zamani. Ndiyo sababu moja iliyomfanya akubali mwaliko wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia wifi. Siku hizi Jumamosi mchana yeye na wifi hufundisha matumizi ya kompyuta kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali, kati ya mikeka na baiskeli zisizokwenda popote. Wifi hufundisha. Bi Mkato hutazama vidole.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanafunzi mpya, dereva wa lori mstaafu, mkono wake wa kushoto umelala mapajani. Alitaka kutafuta bei ya mbuzi. Wifi akamwonyesha: gonga nafasi mara mbili kabla hujaandika. Akagonga, skrini ikaandika KAMUSI. Akagonga tena, ikaandika PICHA. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni gia," akasema. "Unabadili gia kabla hujaondoka."

Bi Mkato alichukua kalamu papo hapo. Maneno hayo, kama yalivyo, yatakuwa kwenye mwongozo wa toleo lijalo, na mkuu wa karakana ameshayapitisha. Mipango yake mingine ni mikubwa zaidi: anataka ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya urudishwe kwa kidole kimoja, na anataka kila njia mpya ijaribiwe kwa mkono mmoja kabla ya kutoka, hata kama itabidi mtandio ununuliwe kwa kila meza.

Dereva aliendelea kugonga. Alipita injini aliyoitaka, ikabidi azunguke zote ndipo airudie. Akapita tena. Akainua macho kwa Bi Mkato.

"Na rivasi iko wapi, mama?"

Wifi alikuwa wa kwanza kucheka, kisha mtaalamu wa mazoezi, kisha mgonjwa aliyekuwa kwenye baiskeli. Hakuna rivasi, hakuna kurudi nyuma. Bi Mkato hakuwa ameifikiria kabisa.

"Nipe mpaka Jumatatu," alimwambia dereva, akavuta kiti, akaketi kando yake na kuanza kukitazama kidole gumba chake.